Panya, rangi inayong'aa na kansere: namna wanasayansi wanavyotafuta protini zinazosimamisha kinga ya mwili

Damu kidogo inatolewa mkononi, inatiwa ndani ya kichupa, kisha inapelekwa labo. Kwa mtu anayeishi na virusi vya SIDA, kipimo cha CD4 ni jambo analolijua vizuri: anangojea namba, na namba hiyo inamwambia kama kinga yake imepanda au imeshuka. Watu wachache wanajua kwamba, katika mashine nyingi zinazofanya hesabu hiyo, seli za CD4 zinahesabika kwa sababu zimepakwa rangi inayong'aa. Rangi hiyo inafikishwa mahali pake na antibodi, protini ndogo yenye umbo la herufi Y, ambayo inashika kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote.

Njia hiyo hiyo, inayotumiwa kwenye seli za panya wadogo wa maabara, ndiyo iliyosaidia kufungua ukurasa mpya katika matibabu ya kansere. Kwa antibodi zenye rangi, watafiti waliweza kuona kwa macho yao protini ambazo kazi yake ni kuiambia kinga ya mwili isimame. Walipozijua protini hizo na kujua ziko kwenye seli gani, na wakati gani, waliweza kufikiria dawa za kuzifunga. Leo dawa hizo zinatumiwa katika nchi nyingi. Lakini mwanga huo unaosomwa ndani ya seli ya panya unaweza pia kudanganya, na anayeusoma vibaya anaweza kupeleka utafiti wote njia isiyo yake.

Barieri ndani ya mwili

Seli T ni aina ya chembe nyeupe za damu. Zinazunguka mwilini usiku na mchana kama askari wa doria. Zinagusa seli nyingine mojamoja, zinachunguza vipande vya protini ambavyo kila seli inaonyesha nje, na zikikuta alama ya virusi au ya kansere, zinaweza kuua. Kazi hiyo inatuokoa kila siku. Lakini askari asiyejua kusimama anakuwa hatari kwa raia wenyewe. Ndiyo maana mwili umeweka protini za kuzuia, ambazo wataalamu wanazifananisha na kituo cha ukaguzi.

Mkaaji wa Kivu au wa Ituri anayesafiri kwa barabara anaelewa jambo hili haraka: ni barieri. Gari linasimama, dereva anaonyesha karatasi yake, askari anaisoma, kamba inashushwa, gari linapita. Ndani ya mwili, protini inayoitwa PD-1, iliyo juu ya seli T, ni kama jicho la askari. Protini nyingine, PD-L1, iliyo juu ya seli inayochunguzwa, ni kama karatasi. PD-1 ikiikuta PD-L1, seli T inapokea ujumbe: acha, huyu ni wa nyumbani. Kwa njia hiyo viungo vyenye afya vinalindwa wakati kinga imechemka kwa sababu ya ugonjwa.

Shida ni kwamba seli nyingi za kansere nazo zinaonyesha karatasi hiyo hiyo. Zinajipaka PD-L1 nyingi, seli T zinafika, zinasoma, zinaondoka. Uvimbe unaendelea kukua mbele ya askari waliokuja kuuharibu.

Kuna barieri nyingine, CTLA-4, inayofanya kazi mapema zaidi, pale seli T inapopewa amri ya kwanza ya kuamka. Ili iamke vizuri, seli T inahitaji ishara kupitia protini CD28. CTLA-4 inanyang'anya CD28 mahali pa kushika, na ishara inapungua. Nyingine zilizochunguzwa sana ni LAG-3, TIM-3 na TIGIT. Zote ziko kwa binadamu, na zote ziko kwa panya pia. Hapo ndipo mnyama huyo mdogo anapoingia katika habari hii.

Kutoka Marseille hadi Kyoto

Mwaka wa 1987, kundi la Pierre Golstein huko Marseille, Ufaransa, lilikuwa likitafuta jeni zinazofanya kazi ndani ya seli T za panya zenye uwezo wa kuua. Katika orodha yao, moja ilipewa jina CTLA-4. Wakati huo hakuna aliyejua kazi yake. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mabishano: wengine waliamini kwamba inaisukuma kinga mbele, wengine waliona kinyume.

Jibu lilikuja kati ya mwaka wa 1994 na 1995, kutoka kwa makundi ya James Allison na Jeffrey Bluestone nchini Marekani: CTLA-4 ni breki. Mwaka huo wa 1995, watafiti waliotengeneza panya wasio na jeni ya CTLA-4 waliona jambo la kutisha. Seli T za panya hao ziliongezeka bila mpaka, zikavamia moyo na viungo vingine, na panya wakafa wakiwa na umri wa wiki tatu au nne. Gari lililokatwa breki lilikuwa limeonekana waziwazi.

Allison, aliyekuwa akifanya kazi Berkeley, katika jimbo la California, alijiuliza swali lingine. Kama breki hiyo ikizibwa kwa muda tu, kwa antibodi, je, seli T zitashambulia kansere? Mwaka wa 1996 kundi lake lilitangaza kwamba panya wenye uvimbe waliopewa antibodi dhidi ya CTLA-4 waliweza kuukataa uvimbe huo.

Upande wa pili wa dunia, Kyoto, nchini Japani, kundi la Tasuku Honjo lilikuwa limeshapata PD-1 mwaka wa 1992. Hao nao walikuwa wakitafuta kitu kingine: jeni zinazosababisha seli kujiua zenyewe. Jina PD-1 lilitokana na wazo hilo la kifo kilichopangwa, na limebaki hata baada ya kueleweka kwamba kazi kubwa ya protini hiyo ni kutuliza seli T.

Mwaka wa 1996 watafiti hao wa Kyoto walitangaza antibodi inayoshika PD-1 ya panya. Iliitwa J43, na ilitokana na hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Kwa antibodi hiyo na rangi inayong'aa, waliona jambo rahisi lakini kubwa: seli za panya zilizotulia zilibaki gizani, na seli zilizochokozwa ziliwaka. Kwa maneno mengine, PD-1 haikai kwenye seli T wakati wote. Inatokea pale seli inapoingia vitani.

Miaka iliyofuata ilileta matunda. Dawa ya kwanza ya kuzuia CTLA-4 kwa binadamu, ipilimumab, ilikubaliwa Marekani mwezi wa tatu mwaka wa 2011, kwa ajili ya melanoma, kansere ya ngozi iliyo kali. Mwaka wa 2014 zikafuata pembrolizumab na nivolumab, zinazozuia PD-1. Mwaka wa 2015, rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter, aliyekuwa na miaka zaidi ya 90, alitangaza kwamba melanoma ilikuwa imefika kwenye ubongo wake. Alitibiwa kwa upasuaji, mionzi na pembrolizumab, na kabla ya mwaka kwisha akasema madaktari hawaoni tena kansere hiyo. Alifariki mwezi wa 12 mwaka wa 2024, akiwa na miaka 100. Mwaka wa 2018, Allison na Honjo walipewa tuzo ya Nobel ya tiba.

Antibodi ilivyopewa taa

Wazo la kufunga rangi kwenye antibodi ni la zamani kuliko PD-1. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, daktari Albert Coons wa Harvard, pamoja na wenzake, alifaulu kuunganisha antibodi na rangi inayong'aa bila kuiharibia antibodi uwezo wake wa kushika. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuangalia ndani ya mikroskopu na kuona bakteria alizotaka zikiwaka peke yake.

Bado kulikuwa na shida moja. Antibodi zilizotoka moja kwa moja kwenye damu ya mnyama zilikuwa mchanganyiko, zikishika sehemu mbalimbali, na mnyama akifa, mchanganyiko huo unakwisha naye. Mwaka wa 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza antibodi na seli ya kansere isiyochoka kugawanyika. Wakapata seli inayotoa antibodi ya aina moja tu, siku zote, bila mwisho. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya Nobel mwaka wa 1984.

Kipande cha tatu ni mashine. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Leonard Herzenberg na wenzake, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, walitengeneza mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya mwanga, inapima namna kila moja inavyong'aa, kisha inaweza kuzitenganisha. Mashine za ukoo huo, zinazoitwa sitometa, leo zinapima maelfu ya seli kwa sekunde moja.

Rangi zenyewe zimetoka mbali pia. Mojawapo ya zinazopendwa sana, fikoeritrini, inatolewa katika mwani mwekundu wa baharini. Mmea huo unaitumia kukusanya mwanga wa jua chini ya maji. Maabara inaitumia kufanya protini iliyo chache ionekane. Leza ya buluu inaipiga, nayo inajibu kwa mwanga wa rangi ya chungwa. Rangi nyingine, fluoreseini, inajibu kwa kijani. Nyingine zinajibu kwa nyekundu au zambarau. Kila rangi inafungwa kwenye antibodi yake, na mashine inazisoma zote kwa seli moja, kama mwalimu anayemjua kila mwanafunzi kwa shati lake.

Kazi ya meza, hatua kwa hatua

Katika maabara, kazi inaanza na kiungo cha panya: bandama, tezi, au uvimbe wenyewe. Kinasagwa polepole juu ya chujio laini ili seli zitengane. Chembe nyekundu za damu zinapasuliwa na kuondolewa, maana ni nyingi mno na hazihitajiki. Seli zinazobaki zinahesabiwa.

Kabla ya kuweka antibodi zenye rangi, mtafiti anaweka kwanza antibodi nyingine isiyo na rangi, inayojulikana kwa jina la 2.4G2. Sababu ni hii: seli nyingi za kinga zina mikono inayoshika mkia wa antibodi yoyote inayopita. Mikono hiyo isipofungwa mapema, antibodi yenye rangi itanaswa kwa mkia, na seli itang'aa hata kama haina protini inayotafutwa.

Kisha zinafuata antibodi zenyewe. Wanaotafuta PD-1 ya panya wanaweza kuchagua ile inayoitwa RMP1-30 au 29F.1A12. Kwa PD-L1 wengi wanatumia 10F.9G2. Kwa CTLA-4 kuna UC10-4B9, kwa TIM-3 kuna RMT3-23, na kwa LAG-3 kuna C9B7W. Majina hayo yanafanana na namba za gari, na kwa kweli yanafanya kazi kama namba za gari: kila moja inataja ukoo mmoja wa seli uliozaa antibodi hiyo, ili mtafiti wa Tokyo na wa Johannesburg wajue kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Seli na antibodi zinakaa pamoja kwenye baridi na gizani, kwa muda wa nusu saa hivi. Baridi inazuia seli kumeza protini zake, na giza linalinda rangi isififie. Kisha seli zinaoshwa, zinapitishwa kwenye mashine, na kwenye kompyuta yanatokea maelfu ya vidoa. Kila kidoa ni seli moja.

Hata kuchagua rangi kuna busara yake. Protini kama CD4 na CD8 ni nyingi juu ya seli. Rangi dhaifu inatosha. PD-1 mara nyingi ni chache. Inahitaji rangi yenye nguvu. Anayebadilisha mpango huo anaweza kukosa kuona PD-1 iliyopo mbele yake.

Mwanga unaweza kudanganya

Hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Mashine inapima mwanga tu. Haijui mwanga huo umetoka wapi. Ni kazi ya binadamu kuuliza.

Udanganyifu wa kwanza unatoka kwa seli zilizokufa. Seli iliyokufa inanata, inashika antibodi yoyote. Uvimbe wa kansere umejaa seli za namna hiyo. Mtafiti asipoweka rangi maalumu ya kutambua wafu, anaweza kuandika kwamba uvimbe umejaa PD-1, kumbe amehesabu maiti.

Wa pili unatoka kwa rangi zenyewe. Mwanga wa rangi moja unamwagika kidogo ndani ya dirisha la rangi nyingine. Mashine inasahihishwa kwa hesabu, lakini mpaka kati ya seli inayong'aa na isiyong'aa unabaki mgumu kuchora. Dawa yake ni kuandaa sampuli yenye rangi zote isipokuwa ile moja inayochunguzwa, na kuona giza la kweli linaonekanaje. Shahidi mzuri zaidi ni seli za panya asiye na jeni hiyo kabisa. Kama seli za panya asiye na PD-1 nazo zinawaka, basi antibodi inasema uongo.

Wa tatu unahusu mahali protini ilipo. CTLA-4 iko zaidi ndani ya seli, katika vifuko vidogo, na inatokea nje kwa muda mfupi tu. Anayepaka rangi juu ya ngozi ya seli peke yake ataona kidogo sana na kufikiri haipo. Inabidi seli ziimarishwe kwa dawa, zitobolewe matundu madogo, ndipo antibodi iingie. Kwa upande mwingine, vimeng'enya vinavyotumiwa kuyeyusha uvimbe vinaweza kukata protini zilizo juu ya seli kabla hazijapimwa.

Wa nne ndio unaoweza kuleta hasara kubwa, kwa sababu unagusa swali la kama dawa inafanya kazi. Panya amepewa antibodi ya kuziba PD-1 kama matibabu. Baada ya siku kadhaa mtafiti anachukua seli zake na kuweka antibodi yenye rangi ili kupima PD-1. Mashine inaonyesha giza. Je, PD-1 imetoweka? Huenda ipo palepale, lakini antibodi ya matibabu imekalia kiti ambacho antibodi yenye rangi ilitaka kukalia. Asiyejua hilo ataandika kwamba dawa imeondoa PD-1 kwenye seli, wakati dawa imeifunika tu. Mwenye uzoefu anachagua antibodi ya kupimia inayoshika sehemu nyingine ya protini, na anajaribu kwanza kama zote mbili zinaweza kukaa pamoja bila kusukumana.

Na hata mwanga ukiwa wa kweli, tafsiri yake inaweza kukosea. PD-1 inawaka juu ya seli T iliyochoka kwa vita virefu. Inawaka pia juu ya seli T iliyoamka jana na yenye nguvu zake zote. Kwa hiyo mtafiti makini haangalii PD-1 peke yake. Anaitafuta pamoja na TIM-3, LAG-3 na alama nyingine, kisha anauliza kama seli hiyo bado inaweza kufanya kazi yake.

Panya aliyeonya mapema

Kuna jambo ambalo panya walilisema kabla madaktari hawajaliona kwa wagonjwa. Mwaka wa 1999, kundi la Kyoto lilionyesha kwamba panya wasio na PD-1, wakizeeka, wanapata ugonjwa wa viungo na wa figo unaofanana na lupus, ambapo kinga inashambulia mwili wenyewe. Mwaka wa 2001, watafiti hao waliona kwamba katika ukoo mwingine wa panya, ukosefu wa PD-1 unaharibu moyo. Na panya wasio na CTLA-4, kama ilivyoelezwa, walikufa wakiwa wadogo.

Dawa zilipoanza kutumiwa kwa binadamu, madhara yaliyoonekana yalikuwa ya familia hiyo: kuvimba kwa utumbo, ngozi, maini, mapafu na tezi. Mwaka wa 2016 madaktari walieleza wagonjwa waliokufa kwa kuvimba moyo baada ya kupewa dawa mbili pamoja, moja ya CTLA-4 na moja ya PD-1. Madhara ya moyo ni nadra, lakini ni mabaya sana. Barieri hazikuwekwa mwilini bure, na anayeziondoa lazima awe na daktari wa kumfuatilia kwa karibu.

Panya naye ana mpaka wake. PD-1 yake na ya binadamu zinalingana kwa sehemu tu, na antibodi iliyotengenezwa kwa ya panya kwa kawaida haishiki ya binadamu. Ndiyo maana dawa za hospitali zilitengenezwa upya kwa ajili ya watu. Uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi ya panya na kukua kwa wiki mbili haufanani na kansere iliyokaa miaka ndani ya mwili wa mama wa miaka 50. Dawa nyingi zilizoponya panya zimeshindwa kwa binadamu.

Si kansere peke yake: SIDA na malaria

Kwa wasomaji wa Afrika ya kati, sehemu nyingine ya habari hii iko karibu zaidi na nyumbani. Mwaka wa 2006, kundi la Rafi Ahmed, la Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, lilionyesha kwamba kwa panya wenye maambukizi ya virusi yasiyokwisha, seli T zinachoka, na seli hizo zilizochoka zimejaa PD-1. Walipoziba njia ya PD-1, nguvu zilirudi na virusi vikapungua. Mwaka huo huo, utafiti uliofanyika kwa watu 71 wenye virusi vya SIDA huko Durban, Afrika ya Kusini, ulionyesha kwamba seli T zinazopambana na virusi hivyo nazo zimebeba PD-1 nyingi, na kadiri PD-1 inavyopanda, ndivyo hali ya mgonjwa inavyokuwa mbaya. Watu hao walikuwa bado hawajaanza dawa. Antibodi zenye rangi ndizo zilizofanya jambo hilo lionekane, kwa panya na kwa watu.

Mwaka wa 2012 ikafika zamu ya malaria. Watafiti waliziba PD-L1 na LAG-3 kwa panya wenye malaria, na vimelea vikaondoka kwenye damu haraka. Kazi hiyo hiyo ilionyesha PD-1 ikipanda kwenye seli T za watu walioambukizwa malaria nchini Mali. Hiyo haina maana kwamba mtoto mwenye malaria apewe dawa hizo za kansere. Artemisinini inabaki kuwa dawa yake. Lakini inasaidia kueleza kwa nini mtu anaweza kupata malaria mara nyingi bila mwili wake kujifunza vya kutosha kujilinda. Kwa Congo, nchi ya pili duniani kwa idadi ya wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria, swali hilo si la vitabuni.

Congo na antibodi

Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina hawahitaji kuambiwa antibodi inaweza kufanya nini. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, jaribio la dawa nne lilifanyika huko mashariki chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB na washirika wake, na wagonjwa 681 walishiriki. Dawa mbili zilizoshinda, zote zilikuwa antibodi. Moja, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995. Nyingine, REGN-EB3, ni mchanganyiko wa antibodi tatu zilizopatikana kwa panya waliopewa jeni za kinga za binadamu. Kati ya waliopewa dawa hizo mbili, karibu theluthi moja walikufa. Kati ya waliopewa nyingine mbili, karibu nusu. Damu ya Mkongomani mmoja na damu ya panya wa maabara zilifika kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa.

Dawa za kuzuia PD-1 bado ziko mbali na kitanda hicho. Nchini Marekani bei ya matibabu ya mwaka mmoja inapita dola laki moja. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka nivolumab na pembrolizumab kwenye orodha ya dawa za lazima kwa ajili ya melanoma, lakini jina kwenye orodha halifikishi dawa kwenye duka la dawa la Kisangani au Kananga. Hata dawa ikifika, itahitaji watu wanaojua kuangalia uvimbe chini ya mikroskopu na kusema kama una PD-L1 au hauna, maana katika kansere kadhaa kipimo hicho kinasaidia kuamua nani apewe. Kipimo hicho nacho kinatumia antibodi na rangi, ingawa rangi yenyewe ni ya kawaida, ya kahawia, isiyohitaji leza.

Ujuzi huo unaweza kuanza na vilivyopo. Mfanyakazi wa labo anayepima CD4 kwa sitometa tayari anajua mambo ya msingi: kulinda rangi na mwanga, kuandaa sampuli ya kulinganishia, kutoiamini namba kabla hajaiuliza imetoka wapi. Kutoka CD4 hadi PD-1 kuna hatua, lakini ni hatua kwenye barabara ile ile. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayejifunza leo kusoma vidoa hivyo vizuri ndiye atakayeweza kesho kuuliza kwa damu ya wakaaji wa hapa, badala ya kungojea jibu la panya wa mbali, kwa nini seli T za mtoto aliyepata malaria mara kumi zimesimama kwenye barieri.